Kipimo cha Valmai

Wifi yangu Valmai alikuwa na mdomo. Nalisema hili kwa mapenzi, maana mtu asiyesemwa na wifi yake huyo hana wifi. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani, mama yetu alimsikiliza tangu asubuhi mpaka majivu ya moto yakapoa, kisha akasema kijana wake ameoa redio. Alisema akikanda unga, alisema akifua, na usiku alisema usingizini. Mbwa wote wa Mintirri, kijiji chetu cha jangwani, walimjua kwa sauti kabla hawajamwona, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwafukuza.

Naanzia hapo kwa makusudi. Wageni wanaokuja siku hizi, wauguzi wapya na walimu wanaokaa muhula mmoja, humkuta ameketi nyuma ya nyumba yangu akichora mchanga kwa kidole. Huniambia nina bahati ya kuishi na mama mpole. Mpole! Nikilisikia neno hilo natamani kummwagia mtu chai.

Kaka yangu alikufa barabarani. Wakati ule Mintirri ilikuwa kavu. Pombe ilipigwa marufuku tangu kwenye bango la kuingilia, na polisi walipekua hata mablanketi. Kwa hiyo wanaume walijaa kwenye gari moja bovu, wakaenda mpaka kituo cha mafuta kilichoko kwenye barabara kuu, wakanywa kama watu walioambiwa kesho bia itakwisha duniani. Halafu wakaendesha kurudi. Kaka yangu na wenzake waliletwa na polisi, wamefunikwa turubai. Jina lake silitaji, maana kwetu jina la marehemu huachwa lipumzike pamoja naye. Na yuko mwingine katika habari hii ambaye jina lake halitatoka mdomoni mwangu kwa sababu hiyohiyo. Huyo nitamwita Mkwe, kama Valmai mwenyewe alivyomwita kijana huyo alipokuwa hai.

Mkwe alikuwa mume wa Kaylene, binti pekee wa Valmai. Alikuwa mrefu, mkimya, fundi wa kutengeneza uzio na pampu za upepo kwenye mashamba ya ng'ombe ya Wazungu. Alijua kufuata nyayo za kangaruu mahali ambapo mimi naona mawe tu. Akipata windo, mkia ulikuwa wa Valmai, lakini hakumpa mkononi. Aliuweka pembeni mwa moto Valmai akiwa hayupo, akajiondokea. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawasemeshani, hawatazamani, hawagusani wala hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Valmai akiingia dukani kwa mlango wa mbele, Mkwe alitokea wa nyuma, hata kama sukari yake ilibaki kaunta. Wala si chuki. Ni heshima, tena hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Katika miaka yote ile Valmai hakuwahi kuuona uso wa mkwewe sawasawa. Alimjua kwa mgongo, kwa kofia, na kwa mwendo wake wa kuburuta kisigino cha kushoto.

Na alimpenda. Aliniambia mara nyingi kwamba mwanamume asiyempiga binti yake akiwa amekunywa wala akiwa hajanywa ni wa kuombewa maisha marefu. Shida ni kwamba Mkwe naye alianza kupanda lile gari la kwenda kituo cha mafuta. Kila Ijumaa Valmai aliketi akitazama vumbi la barabara, akanikamata mkono, akasema huyu naye ataletwa amefunikwa turubai, na wale watoto watakuwa na mama mjane na nyanya mjane. Hofu yake ilikuwa hiyo tu. Yote aliyoyafanya baadaye, ya klabu, ya doria, ya mikutano, yalitoka kwenye hofu ya mtu mmoja kufia barabarani. Watu wa ofisini waliandika kwamba ni mwanaharakati. Hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mama mkwe.

Ndipo akaja Bronwyn kutoka ofisi ya afya ya mjini, msichana mwenye pua iliyoungua na jua, amebeba mabango yenye picha za glasi. Glasi ya mvinyo, glasi ya bia, glasi ndogo ya kinywaji kikali, na chini yake maelezo kwamba mtu ajue kiwango chake. Tulikusanyika chini ya paa la uwanja wa mpira, tukamsikiliza kwa adabu. Akasema serikali iko tayari kuturuhusu klabu yetu wenyewe, yenye bia hafifu, ifunguliwe alasiri na kufungwa jua likizama, mradi tujifunze kunywa kwa kiasi. Akauliza kama kuna swali. Mzee Cyril aliuliza kama hizo glasi zinakuja na kinywaji ndani au ni picha tu.

Watu walicheka, na Bronwyn akawa mwekundu zaidi. Valmai akasimama, kama nilivyojua atasimama.

“Mwanangu, glasi sisi hatuna,” akamwambia. “Sisi tunanywea kopo, na kopo moja lina midomo mingi. Nikupe kipimo chetu?”

“Nipe, mama.”

“Mtu anywe. Lakini mama mkwe wake akipita, naye hageuki, hajifichi, anamkodolea macho kama ng'ombe, huyo mnyang'anyeni kopo. Ukishindwa kumtambua mkwe wako, umepita kiasi.”

Uwanja mzima uliangua kicheko, wanaume wakapigana mabega. Mkwe alikuwa huko nyuma kabisa, amewapa watu mgongo, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anasema. Nilimwona mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka naye.

Mimi sikuamini hata siku ile. Nilimwambia Valmai kwamba kumfundisha mlevi kunywa nusu ni sawa na kumfundisha mbwa wa kambini kula nusu mfupa. Akanijibu kwamba dawa ya moto ni moto, na kwamba mtu akinywa hapa ninapomwona ni afadhali kuliko kule anakookotwa na polisi. Nikamwambia, unapomwona? Wewe huruhusiwi kumwona. Akanitupia ganda la chungwa.

Klabu ikafunguliwa. Bronwyn alikipenda kipimo cha Valmai hata akakichapisha. Alimpiga picha amesimama, mkono juu, mdomo wazi, na chini yake maneno yale ya mkwe kwa lugha yetu na kwa Kiingereza. Mabango yakabandikwa dukani, zahanati na ukutani mwa klabu. Wanaume waligeuza kipimo kuwa mchezo. Mtu akianza kuropoka, mwenzake hupaza sauti, “Wewe, mama mkwe wako huyo mlangoni!” Aliyeruka na kujificha chini ya meza alishangiliwa akaachwa aendelee. Aliyebaki ameduwaa alichukuliwa nyumbani. Nawaambieni kweli, kwa muda fulani jambo lile lilifanya kazi kuliko polisi.

Mimi nilipewa jiko la klabu. Sheria yangu ilikuwa moja: asiyechukua sahani ya mchuzi hapewi kopo. Valmai alichukua doria. Serikali ilitoa gari, likaandikwa ubavuni kwa rangi ya njano, na kazi yake ilikuwa kuzunguka na Cyril jua likielekea kuzama, wakiwaokota waliolemewa na kuwapeleka kwao. Cyril aliokota wanaume na Valmai wanawake. Mkwe akilemewa, Valmai aliteremka garini mbali, akakaa chini ya mti akiwa amegeuka upande wa pili, mpaka Cyril ampakie yule kijana, maana kwa ukoo wetu Cyril alimwita Mkwe mdogo wake, akampeleka na kurudi kumchukua.

Na kila jioni, kabla ya kuzunguka, Valmai aliegesha gari nyuma ya jiko langu, akaja dirishani.

“Wifi, amekula?”

“Nani?” nilimuuliza, ingawa nilijua.

“Usinitie wazimu. Amekula?”

“Amekula. Sahani mbili, na viazi vya jirani kaiba.”

“Anacheka au kanuna?”

“Anacheka. We mama, tumbo lake ni lako? Mke wake hajauliza hata mara moja.”

“Mke wake anaweza kumwona,” alisema. “Mimi nina wewe.”

Mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye kiti cha karibu na jokofu. Ukuta mmoja kati yao, na mimi na mwiko wangu katikati. Siku nyingine Mkwe naye aliniuliza, kwa sauti ya chini, akitazama sahani, kama mafuta ya gari la doria yametosha na kama gurudumu la nyuma limejazwa upepo. Hakusema la nani. Nilijua hilo tu, kwamba wale wawili walilindana kwa mdomo wangu.

Kilichoharibu mambo hakikuwa bia. Kilikuwa wema, na Bronwyn hakuwa na picha ya wema kwenye mabango yake. Kila mtu mzima alikuwa na fungu lake la makopo kwa siku, anywe asinywe. Wazee wasiokunywa walipewa, akina mama wa kanisani walipewa. Na kwetu mwenye kitu akiombwa na ndugu yake hutoa. Anayekataa hana ukoo, na asiye na ukoo bora awe jiwe. Kwa hiyo fungu la bibi lilikwenda kwa mjukuu, la shangazi kwa mpwa, na mtu aliyependwa na wengi alilewa kuliko wote. Mkwe alipendwa na wengi. Kuna bibi kizee mmoja aliyetengenezewa naye pampu, kuna mwingine aliyeletewa naye nyama, na wote walimlipa kwa kopo kwa sababu hawakuwa na kingine. Valmai alisimama mkutanoni akasema watu wasigawe. Wakamsikiliza, wakakubali, na jioni wakagawa. Hata yeye alipewa fungu lake, akaombwa na binamu yake mwenye mguu mmoja, akasimama pale akilitazama kopo mkononi. Akampa. Angefanyaje?

Basi Cyril akawa anambeba Mkwe karibu kila siku. Valmai akakonda. Alianza kuniuliza dirishani si kama amekula, bali kama bado anatambua watu.

Siku ile ilikuwa ya kipupwe. Kwetu kipupwe kina jua kali la uongo. Likianza kuinama tu, baridi inatoka ardhini na kukupanda miguuni. Cyril hakuwapo. Kulikuwa na msiba Kulpinya, kijiji cha mbali, mzee mkubwa amefariki, na nusu ya kijiji walikuwa wamekwenda kulia, magari yote yamekwenda, na wanaume wenye nguvu zao pia. Nilimwambia Valmai aache doria siku hiyo, afunge gari na alale. Akasema klabu iko wazi, kwa hiyo doria ipo. Nikamwuliza akimkuta yule atafanya nini peke yake. Akasema hatamkuta, kwa sababu amemtuma Kaylene amwambie arudi mapema. Kaylene alikuwa na mtoto mgonjwa, lakini alikwenda, na Mkwe akaahidi, na akaondoka mapema kweli. Nilimwona kwa macho yangu akiweka kopo mezani kabla ya wenzake, akavaa kofia, akatoka akiburuta kisigino. Nilifurahi. Nikamwambia Valmai dirishani kwamba mtu wake ameshika njia ya nyumbani, na yeye akashusha pumzi akaingia garini.

Nilikuwa nasugua vyungu honi iliponishtua. Valmai alikuwa nje, injini inaunguruma, hakuteremka.

“Wifi, panda.”

“Niache vyungu?”

“Panda, nakwambia. Amelala kwenye lami. Kule konani, kwenye tangi la maji.”

Mtu asiyejua baridi ya kwetu atashangaa. Lami inanyonya jua mchana kutwa, na jioni ndipo mahali pekee penye joto kwa mtu aliyekunywa na mwenye koti jepesi. Watu wetu hulala hapo kama kwenye godoro. Doria ilikuwapo kwa ajili hiyohiyo.

Nilipanda na aproni yangu. Mimi nilikuwa shangazi wa mke wake. Mimi niliweza kumgusa, kumvuta sikio, kumburuta kwa mguu ikibidi. Nikamwuliza Valmai kama amemwacha hivyohivyo, katikati ya barabara.

“Ningefanyaje?” akasema. “Nimesimama mbali. Nimepiga honi. Ameinua kichwa, akaliona gari. Wifi, akavua koti akajifunika uso.”

“Akajifunika?”

“Gubigubi. Akatulia tuli, kama inavyotakiwa. Ananitambua, wifi. Hajapita kiasi.”

Alisema hivyo akitabasamu. Tabasamu lile silisahau. Mama huyu alikuwa amemkuta mtu aliyemhofia miaka yote, amelala mahali palepale alipohofia, na bado alikuwa na furaha, kwa sababu mkwewe hakusahau heshima.

“Na kwa nini hajainuka?” nikamwuliza.

“Atainukaje nami niko pale? Mpaka niondoke. Ndiyo maana nimeondoka haraka.”

Ilikuwa kweli. Mtu aliyejifunika mbele ya mama mkwe wake hafunui mpaka awe na hakika amekwenda, na mlevi hana hakika ya kitu. Alilala pale akisubiri kwa adabu, koti usoni, asione wala asisikie vizuri. Na Valmai aliondoka kwa adabu, ili amwache ainuke, na aniite mimi. Kila mmoja alifanya sawasawa kama tulivyofundishwa na wazee wetu. Nimetafuta mwenye kosa katika jambo hili mpaka kichwa kikaniuma, sikumpata.

Tulikwenda tukiliacha jua mgongoni. Anayekuja kutoka upande wa pili alikuwa nalo machoni. Tulipofika kwenye tangi tuliona gari la Clive limekaa upande, mlango wazi, na mama yake amebaki kiti cha mbele na blanketi lake la zahanati. Clive ni mtu wa kanisa, hajawahi kuonja bia maishani mwake. Alikuwa akimleta mama yake kwa muuguzi kutoka kambi yao ya mbali, polepole, kwa sababu mama anaumwa figo na gari likiruka analia. Alisimama barabarani, kofia mkononi, akirudiarudia neno moja.

“Nilidhani ni koti. Bibi Ettie, nilidhani ni koti la mtu limeanguka.”

Valmai alisimamisha gari mbali. Akateremka. Nilidhani atakimbia, kwa maana hata mimi mwenye goti bovu nilikimbia. Lakini alitembea hatua chache tu, akageuka, akaipa barabara mgongo, akasimama akiutazama msitu mkavu, mikono imebana masikio. Hata maiti ya mkwe ni mkwe. Mimi ndiye niliyepiga magoti, nikafunua koti, nikamfumba macho. Wakati wote ule mgongo wa Valmai ulikuwa kule, na nilipopaza kilio cha kwanza, ndipo alipojua. Akaokota jiwe akajipiga nalo kichwani, mara nyingi, damu ikamshuka shingoni, akalia sauti ambayo nadhani ilifika Kulpinya.

Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho tuliyoisikia kwa muda mrefu. Kwetu mume akifa, mjane wake hunyamaza, na mama mkwe wake pia hunyamaza. Huhamia kambi ya wajane, hupakwa udongo mweupe, na huzungumza kwa vidole tu mpaka ndugu wa marehemu waridhike wafungue vinywa vyao. Yaweza kuwa miezi, yaweza kuwa zaidi ya mwaka. Kaylene na mama yake walinyamaza pamoja, wamekaa bega kwa bega, na mimi niliwapelekea chakula. Vidole vya Valmai havikuwa na maneno mengi. Redio ilizimwa, na nilikuta kwamba nilikuwa sijui kuishi bila kelele zake. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia kwa kaka yangu, na sioni haya kulisema.

Wakati wa kimya hicho ndipo walipokuja wakubwa kutoka mjini kuamua habari ya klabu na doria. Bronwyn alikuwa nao, amekonda, macho mekundu. Walikaa chini ya paa lilelile la uwanja wa mpira. Walieleza kwamba fedha zimepungua, kwamba vijiji vingine vinahitaji gari, na kwamba klabu inajiendesha yenyewe kwa hiyo inaweza kubaki. Waliuliza maoni. Kisha mkubwa wao akauliza mama Valmai, mwanzilishi wa mpango huu, anasemaje.

Valmai alikuwa amekaa mbali, pamoja na wanawake wenzake wa kambi ya wajane, uso mweupe kwa udongo. Aliinua mkono, akafanya ishara ya gari, ishara ya mtu aliyelala, akafanya tena, akafanya tena. Nikasimama kueleza. Mkubwa akasema asante, atapenda kumsikia mwenyewe. Nikamwambia hawezi, amefiwa na mkwe. Akaitikia kwa huruma, akasubiri kidogo, akasema kama hana pingamizi basi waendelee. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Bronwyn alinisikia akatazama pembeni.

Wahenga husema kimya kingi kina mshindo. Kile hakikuwa na mshindo wowote. Gari likaondoka, klabu ikabaki.

Yakabaki na mabango. Valmai kule kambini, mdomo umefungwa, na Valmai huku ukutani, mkono juu, mdomo wazi, akiwaambia walevi wamtambue mkwe wao. Siku moja hasira zilinipanda nikalichana la klabu, nikalitia kwenye moto wa mchuzi. Kesho yake nikakuta jingine. Meneja akanionyesha sanduku zima stoo, limejaa, akasema nisijisumbue, yapo ya kutosha.

Kipupwe cha pili kilipoingia, ndugu wa marehemu wakaona inatosha. Ilikuwa ni haki pia kwamba mdogo wa marehemu, Darrel, amchukue Kaylene, ili watoto wasitoke ukooni. Kaylene hakusema ndiyo wala hapana, hakuwa na mdomo wa kusemea. Darrel si kijana mbaya. Ana sura ya kaka yake na kicheko cha kaka yake, na kule klabuni alikwishachagua kiti, kile cha karibu na jokofu. Bibi wale wale wakaanza kumpa makopo yao.

Siku ya kufunguliwa vinywa walileta unga, chai na nyama ya kangaruu. Dada mkubwa wa marehemu akaigusisha nyama kwenye midomo ya Kaylene, kisha kwenye midomo ya Valmai, akamwambia aseme sasa, yamekwisha. Kaylene alisema asante, akalia, akamwita mwanawe. Sote tukamgeukia Valmai tukisubiri mafuriko. Nilikuwa nimejiandaa, nimeweka kauli zangu za utani tayari, zote za mwaka mzima. Alitafuna nyama, akameza, akatazama chini.

Jioni nilimchukua kwangu. Tulikaa nyuma ya nyumba, ukutani penye joto. Kutoka klabuni ilikuja harufu ya mchuzi, siku hizi anapika mtu mwingine, na vicheko, na mtu mmoja akipaza sauti kwamba mama mkwe wa fulani yuko mlangoni. Baridi ilikuwa imeanza kupanda. Barabarani, mbali, watu walikuwa wanaondoka mmojammoja. Mmoja alikuwa mrefu kama kaka yake, na Valmai alipomwona aligeuza uso haraka, kama inavyotakiwa.

“Wifi,” akasema. Sauti ilitoka ikikwaruza, kama bomba lililokaa bila maji.

“Nipo, wifi yangu.”

“Huyu naye. Nani anamwokota?”

Cyril alikuwa hospitali ya mjini, amefungwa kwenye mashine ya figo, harudi tena. Gari lilikuwa kijiji kingine. Goti langu lilikuwa limekataa hata ngazi za kanisa, na jicho moja lilikwishaingia ukungu. Nilitafuta utani, sikuupata. Nilitafuta uongo mzuri pia, lakini mtu akikuuliza neno lake la kwanza baada ya muda mrefu vile, humpi uongo.

“Hakuna,” nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akausawazisha mchanga kwa kiganja, akaanza kuchora mstari mrefu, na kona, na kiduara cha tangi. Ruhusa ya kusema anayo mpaka leo. Hajasema tena.